Vitatange ni wengi, lakini ni wa aina gani?

Swali: "Assalam aleikum mwalimu. Natembeza wageni kwa mashua ya kioo hapa Malindi, ndani ya hifadhi ya bahari. Kuna kitatange tunamwona kila siku: mweupe, nyuma manjano, ana doa jeusi juu karibu na mkia na uzi mrefu unaotoka kwenye pezi. Wageni wananiuliza kama lile doa ni jicho na kwa nini huwa wawili wawili. Wenzangu nao wanasema kwa vile vitatange wamejaa, basi matumbawe yamepona. Ni kweli? Na je, kuwatupia mkate kuna ubaya?"

Waaleikum salaam mwanangu. Nitaanza na hilo wanalosema wenzako, kwa sababu ndilo zito, na nimelisikia hata kwa watu waliosomea mambo ya bahari. Si kweli. Kitatange uliyemweleza anaweza kujaa tele juu ya mwamba ambao nusu ya matumbawe yake yamekufa. Hali ya matumbawe husomwa kwa vitatange wengine, na kati yao wako wawili ambao bila shaka umeshawapita mara nyingi bila kuwaonyesha wageni, kwa kuwa hawavutii macho upesi kama huyu wako. Nitakuelekeza jinsi ya kuwatambua. Lakini kwanza tumtazame vizuri huyu mwenye uzi, maana anastahili kutazamwa.

Jina lake la kisayansi ni Chaetodon auriga. Ubavuni ana mafungu mawili ya mistari myembamba ya kijivu iliyolala mshazari. Fungu la mbele linaelekea upande mmoja, la chini nyuma linaelekea upande mwingine, na yanapokutana yanafanya pembe. Utepe mweusi umeteremka wima kupitia kwenye jicho, na chini ya jicho unatanuka. Ule uzi ni miale laini ya pezi la mgongo iliyorefuka, na humtoka samaki akishakua, mchanga hana. Mkubwa kabisa hufika sentimita 23. Ukimtazama kwa ubavu ni mpana, akigeuka akakutazama yeye hubaki ufito tu, na umbo hilo ndilo linalomwezesha kupenya katikati ya matawi ya matumbawe na kugeuka papo hapo ambapo changu angekwama. Juu ya mgongo ana miiba migumu 12 au 13. Akihisi hatari huisimamisha yote, na chewa anayetaka kummeza hana budi kufikiri mara mbili.

Wa kwanza kumwandika huyu samaki katika vitabu vya sayansi ni Peter Forsskål, aliyesafiri Bahari ya Shamu na Yemen miaka ya 1760 na kufia huko huko Yemen. Kazi yake ilichapishwa baada ya kifo chake, mwaka 1775. Na hapa pana jambo la kumweleza mgeni: vitatange wa Bahari ya Shamu, ambao ndio aliowaona Forsskål, kwa kawaida hawana lile doa jeusi. Kwa hiyo mgeni aliyewahi kupiga mbizi Misri akikwambia kwamba aliowaona kule hawakuwa na doa, usimbishie. Ni samaki yule yule, na ameenea kutoka huko na pwani yetu yote ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Hawaii.

Doa si jicho. Jicho lake ni lile lililofichwa ndani ya utepe mweusi. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba samaki mla samaki hulenga kichwa, kwani ndiko windo litakakokimbilia. Jicho la kweli likifichika na doa jeusi likionekana nyuma, adui hurukia upande wa mkia, kitatange akapata nafasi ya kuchomoka na pengo dogo kwenye pezi. Mimi naona maelezo haya yana uzito, hasa kwa vile kuna aina kadhaa ambazo mchanga ana doa kubwa na akishakua likapotea, maana udogoni ndiko maadui ni wengi. Wapo wataalamu wanaosema doa na tepe hizi zina kazi nyingine pia, ya kutambuana, kwani mwamba mmoja unaweza kuwa na aina kumi na zaidi za vitatange na kila mmoja lazima amjue mwenzake. Mweleze mgeni yote mawili. Hakuna ubaya wowote kumwambia kwamba wanasayansi bado wanajadiliana.

Sasa habari ya wawili wawili. Kwa huyu mwenye uzi, na kwa aina nyingi za jamii yake, wale wawili ni dume na jike waliokaa pamoja, mara nyingi kwa miaka. Samaki wengi wanaooana hivi hufanya hivyo kwa ajili ya kulea. Vitatange hawalei kabisa. Mayai yao huachwa yaelee baharini. Basi wanakaa pamoja kwa nini? Jibu liko kwenye chakula. Wakila pamoja, mmoja anaweza kuinamisha kichwa kwenye matumbawe huku mwenzake akikabiliana na jirani anayeingia eneo lao. Watafiti waliochunguza kitatange mmoja wa Bahari ya Pasifiki, Chaetodon lunulatus, walikuta kwamba wenye wenza hula zaidi na hujiwekea akiba kubwa zaidi mwilini kuliko walio peke yao. Uaminifu wao una faida tumboni.

Tena wana njia ya kuwasiliana ambayo ni adimu kwa samaki wengine. Samaki wa kundi la Chaetodon ana kibofu cha hewa chenye ncha mbili zinazotokeza mbele, na ncha hizo zinafika karibu na ule mfereji wa hisia unaopita ubavuni na nyuma ya kichwa. Kibofu hupokea mtikisiko wa sauti, na mtikisiko huo hupelekwa kwenye mfereji. Huko Hawaii vitatange wamerekodiwa wakitoa milio midogo na kupiga mkia wanapokutana na wenzao. Milio hiyo haifiki mbali, na pengine hiyo ni sababu mojawapo ya wewe kuwaona wameandamana ubavu kwa ubavu. Katika mambo yote niliyojifunza kuhusu samaki wa mwambani, hili ndilo linalonishangaza mpaka leo: kwamba kiumbe tunayemsifu kwa rangi zake muda wote alikuwa akisema na mwenziwe.

Usiwaambie wageni, hata hivyo, kwamba vitatange wote huenda wawili. Yule mwenye barakoa nyeusi usoni na utepe mweupe nyuma ya jicho, Chaetodon lunula, mchana utamkuta amejikusanya na wenzake chini ya kivuli cha mwamba. Yeye kazi yake ya kutafuta chakula huifanya zaidi usiku, jambo lisilo la kawaida katika jamii yao. Na yuko mwingine ambaye dume mmoja eneo lake hufunika maeneo ya majike kadhaa. Huyo nitamrudia sasa hivi.

Tuje kwenye chakula, ambako ndiko hoja ya wenzako inakoanguka.

Mdomo wa kitatange umechongoka, na ndani yake meno ni membamba, marefu, yamepangana kama nywele za brashi. Hayawezi kuvunja jiwe kama meno ya pono. Kazi yake ni kunyofoa vitu vidogo vilivyo laini. Yule mwenye uzi hutumia mdomo huo kwa kila kitu: hunyofoa vipande vya minyoo ya bahari iliyojificha mashimoni, hung'ata anemoni, huchuna polipi wa matumbawe, yaani wale viumbe wadogo laini wanaojenga tumbawe, hata mwani anakula. Matumbawe yakifa leo, kesho bado ana minyoo, na jiwe lililokufa likishaota mwani na kujaa wadudu, yeye anaendelea. Ndiyo maana humkuta hata mahali pa mchanga na vifusi vya matumbawe. Kuwepo kwake kunakwambia kwamba kuna chakula cha kitatange mwenye uzi. Hakukwambii lolote zaidi ya hapo.

Lakini wapo jamaa zake ambao maisha yao yote ni polipi wa matumbawe hai. Hawana chakula kingine. Wawili wa kuwatafuta Malindi ni hawa.

Wa kwanza ni Chaetodon trifasciatus. Mwili wake ni wa mviringo wa yai, haupiti sentimita 15, rangi ya samawati iliyotulia, na mistari myembamba ya zambarau inapita kwa urefu kutoka kichwani kwenda mkiani. Uso una manjano na utepe mweusi juu ya jicho, na shina la mkia lina rangi ya machungwa. Huyu huenda wawili, wana eneo lao, na ukiegesha mashua mahali pamoja kwa robo saa utaona wakizunguka njia ile ile, wakidona hapa, wakidona pale, kila mahali mdono mmoja au miwili kisha wanasogea. Hawaui matumbawe. Wanachukua polipi wachache na kuwaacha waliobaki wajaze pengo.

Wa pili ni Chaetodon trifascialis, na yeye ndiye mwenye majike kadhaa niliyemtaja. Ni mrefu kuliko vitatange wengine kwa umbo, hufika sentimita 18, na ubavuni ana mistari mingi iliyokunjwa kona, kona zote zikielekeza mbele. Aliyekomaa ana mkia mweusi wenye ukingo wa manjano. Chakula chake karibu chote ni matumbawe ya aina moja, Acropora, na zaidi yale yaliyotandaza juu yakawa bapa. Atakaa juu ya tumbawe lake na kumfukuza kila kitatange anayekaribia, hata aliye mkubwa kuliko yeye. Acropora nazo ni miongoni mwa matumbawe yanayokufa upesi bahari inapopata joto. Kwa hiyo huyu ameshikilia uhai wake kwenye kitu kimoja, na kitu chenyewe ni dhaifu. Mwamba ukianza kuumwa, yeye ni wa kwanza kutoweka.

Unajua kupauka kunavyotokea. Ndani ya nyama ya polipi wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, wanaotengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji wao. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, ushirika huo huvunjika, mwani hutoka, na jiwe jeupe linaonekana kupitia nyama iliyobaki haina rangi. Tumbawe bado li hai, lakini lina njaa. Joto likipungua mapema linaweza kupona, likikawia, linakufa. Wazee wa mashua wa Malindi wanaukumbuka mwaka 1998, pale El Niño ilipoleta joto ambalo liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, ya hifadhi yenu yakiwemo. Mwaka 2016 yakapauka tena, na mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba kupauka kumeenea tena katika bahari za dunia nzima.

Hapo ndipo pana mtego ambao ningependa uushike sana. Samaki mla matumbawe haondoki siku matumbawe yanapokufa. Baada ya kupauka katika miamba ya Great Barrier Reef ya Australia, watafiti walimfuatilia yule Chaetodon lunulatus, ambaye ni ndugu wa karibu kabisa wa trifasciatus wetu. Kwa miaka miwili idadi yake haikubadilika. Anayehesabu tu angeandika kwamba mambo ni shwari. Walipochunguza maini yao walikuta akiba ya mafuta imepungua. Samaki walikuwepo, lakini walikuwa wanakonda kwa ndani. Idadi ni habari inayochelewa.

Kuna dalili nyingine inayotangulia, na wewe kwenye mashua ya kioo unaweza kuiona bila kumpasua samaki. Mwaka 2016 kundi la watafiti walikuwa wakitazama vitatange katika miamba ya Japani, Ufilipino, Indonesia na kisiwa cha Christmas, wakihesabu wanavyofukuzana, kabla na baada ya kupauka. Mahali matumbawe yalipopauka, ugomvi ulishuka kwa theluthi mbili. Kufukuzana kunakula nguvu. Mwenye njaa hana nguvu za kugombana, tena hana cha kulinda. Kwa hiyo ukiona trifascialis amekaa kimya huku vitatange wengine wanapita juu ya tumbawe lake, usimwambie mgeni kwamba samaki hawa ni wapole. Litazame tumbawe lenyewe kwanza.

Malindi mna jambo la ziada, nalo ni Sabaki. Mvua zikinyesha bara, mto huteremsha udongo mwekundu mpaka mdomoni, kaskazini mwa mji. Wakati wa kusi udongo huo husukumwa kwenda kaskazini, mbali nanyi. Kaskazi ikianza, unarudi kusini na kuingia kwenye ghuba mpaka kwenye miamba ya hifadhi. Udongo hupunguza mwanga na kuwalazimisha polipi kutumia nguvu kujisafisha. Basi ukilinganisha hesabu ya Desemba na ya Agosti, kumbuka kwamba Desemba huenda hukuwaona kwa sababu ya maji machafu tu.

Kuhusu kuzaa nitasema kwa ufupi. Magharibi, jua likielekea kuzama, wale wawili hupanda juu kidogo ya mwamba na kumwaga mayai na mbegu majini. Mayai ni madogo kuliko milimita moja, hayana rangi, huelea, na huanguliwa baada ya kama siku moja. Mtoto anayetoka, akishakua kidogo, kichwa chake hufunikwa na vibamba vya mfupa, sura ambayo haifanani kabisa na ya wazazi. Huchukuliwa na mkondo kwa wiki kadhaa, hata kufikia miezi miwili, kisha hushuka mwambani usiku na kugeuka kitatange unayemjua. Maana yake ni kwamba mchanga unayemwona Malindi huenda amezaliwa Watamu au kusini zaidi. Lakini mtoto wa trifasciatus lazima apate matawi ya matumbawe hai ya kujificha na kula; asipoyapata, safari yake yote imekwenda bure. Ukiwaona wachanga wake, wadogo kuliko kidole gumba, ndani ya matawi, hiyo kwangu ni habari njema kuliko kuona wakubwa ishirini.

Mkate una ubaya, mwanangu. Wanaoukimbilia ni wale samaki wadogo wenye milia myeusi na wengine wanaokula chochote. Wakizoea, wanajazana chini ya mashua, wanakuwa wakali, na wanawasumbua wengine. Waliozaliwa kula polipi hawaji kwenye mkate kabisa, kwa hiyo mgeni wako anaonyeshwa samaki wale wale kila siku na wale wa thamani wanabaki pembeni hawaonwi. Unga wa ngano pia si chakula cha samaki yeyote wa mwambani. Acha mkate nyumbani, funga mashua kwenye boya badala ya kutupa nanga, kaa kimya dakika kumi, na vitatange watarudi kwenye njia zao mbele ya macho ya wageni. Na mtu akikujia anataka kununua trifasciatus wa kuweka kwenye tangi, mbali na kwamba ndani ya hifadhi kuvua ni marufuku tangu ilipoanzishwa mwaka 1968, mweleze ukweli: samaki huyo ndani ya tangi hufa kwa njaa mbele ya chakula cha kila aina.

Ningependa uanze daftari. Chagua sehemu tatu unazopita kila juma, na kila mara andika tarehe, maji yanajaa au yanakupwa, yako safi au yamechafuka. Kisha andika umeona jozi ngapi za trifasciatus, trifascialis wangapi, wachanga wangapi, na mara ngapi umeona mmoja akimfukuza mwenziwe. Mwenye uzi unaweza kumwandika ukipenda, lakini asikutawale hesabu. Zaidi ya yote usikose Machi na Aprili, maji yetu yanapokuwa na joto kubwa kuliko miezi yote. Nakala ipelekee ofisi ya hifadhi kila mwisho wa mwezi. Ila ukikuta Acropora bapa imegeuka nyeupe yote na kitatange wake bado yuko juu yake, usingoje mwisho wa mwezi. Peleka habari siku hiyo hiyo.